Kusoma Kompyuta ya Gari Si Kuichezea

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, ushauri anaopewa mwenye gari ni ule ule, awe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala: usiiguse kompyuta, mpelekee mwenye mashine. Mwenye mashine huchomeka kifaa chake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, hutazama skrini ambayo mteja haonyeshwi, kisha hutoa hukumu. Sensa imekufa. Kontrolo boksi imeungua. Mteja hulipia kupimwa, hulipia kipuri, na wiki mbili baadaye taa huwaka tena.

Nyuma ya ushauri huo kuna imani iliyoota mizizi: kwamba kompyuta ya injini ni chombo cha siri, kwamba lugha yake inajulikana na kiwanda peke yake, na kwamba kijana anayejitengenezea mezani kwake kiunganishi cha kuisoma, kwa transista na vipande vya waya, ni fundi maiko atakayeunguza gari la watu. Imani hiyo haina msingi. Imewatia hasara wenye magari, imewadumaza mafundi, na imewapa wachache mamlaka ambayo sheria zilizoizaa soketi hiyo hazikuwapa kamwe.

Soketi ya chini ya usukani ilizaliwa na moshi. Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, ikihangaika na hewa chafu ya Los Angeles, iliviamuru viwanda kwamba kuanzia magari ya mwaka 1988 kila gari liwe na mfumo wa kujipima lenyewe na kuwasha taa pale sehemu za kudhibiti moshi zinapoharibika. Kila kiwanda kikaja na soketi yake na lugha yake, fundi akabaki anahangaika vile vile. Hatua ya pili ilianza mwaka 1994 na ikawa lazima kwa magari yote mapya ya abiria nchini Marekani mwaka 1996: soketi moja yenye pini 16, namba za hitilafu zinazofanana, na maswali ya msingi yanayofanana kwa gari la kiwanda chochote. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Kabla ya hapo, mwaka 1990, Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ilikuwa imerekebishwa na kuviagiza viwanda vitoe taarifa za matengenezo yanayohusu moshi kwa mtu yeyote anayejishughulisha na kutengeneza magari. Mtu yeyote, haikusema wakala aliyeidhinishwa. Kwa hiyo anayesema soketi hiyo ni ya wenye mashine tu anadai kitu ambacho waliotunga sheria walikikataa zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Hata mafundi wakongwe wa Afrika Mashariki wanajua kwamba kompyuta ya gari husomeka bila mashine, pengine bila kulipa jambo hilo jina. Toyota Corolla za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha plastiki kwenye chumba cha injini, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Fundi hukifungua, huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, huwasha swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu. Taa ya injini ikimetameta mara mbili, ikatulia kidogo, ikametameta mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji au waya wake. Ikimetameta mara nne kisha moja, hiyo ni 41, sensa ya mkao wa throto. Ikimetameta kwa mfululizo ulio sawa bila kutulia, hakuna kosa lililohifadhiwa. Toyota yenyewe iliutengeneza mlango huo na kuuelezea kwenye vitabu vyake vya ufundi. Kipande hicho cha waya ndicho kiunganishi cha kienyeji cha kwanza ambacho mafundi wengi waliwahi kukishika, urefu wake hauzidi kidole, na hakuna kompyuta iliyoharibika kwa kuulizwa hivyo.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mambo yamebadilika, kwamba magari ya sasa yanazungumza lugha ngumu isiyofahamika kwa mtu wa kawaida. Lugha yenyewe imechapishwa kama viwango vya kimataifa, na inatosha kuitazama kwa karibu ili hofu ipungue.

Kwenye magari mengi ya Ulaya na Asia ya mwanzo wa miaka ya 2000, mazungumzo yote hupita katika waya mmoja tu, ulio kwenye pini ya 7, unaoitwa laini ya K. Ukiwa umetulia, waya huo una volti za betri. Anayetaka kusema huuvuta hadi hasi, huuachia, huuvuta tena. Kifaa cha kufanya hivyo hakizidi kiganja: transista moja ya kuuvuta waya chini, rizista ya omu 510 ya kuurudisha juu, rizista mbili nyingine za kuzishusha volti za gari hadi kiwango ambacho bodi ndogo ya Arduino inakivumilia, dayodi ya kulinda mlango huo, na fyuzi ya ampea moja kwenye waya unaotoka pini ya 16, ambayo ni chanya ya betri moja kwa moja. Hasi hutoka pini ya 4 au ya 5. Nyaya tatu zinaingia kwenye gari, waya mmoja wa USB unaelekea kwenye kompyuta mpakato.

Kisha hupigwa hodi. Kifaa hutuma baiti moja, 33 kwa hesabu ya kumi na sita, kwa mwendo wa kinyonga: biti tano kwa sekunde, hivyo hodi hiyo moja huchukua sekunde mbili nzima. Kompyuta ya injini ikiisikia hujibu kwa 55, safari hii kwa biti 10,400 kwa sekunde, ikifuatiwa na baiti mbili za kujitambulisha. Mgeni huirudisha ile ya pili ikiwa imegeuzwa, sifuri zimekuwa moja na moja zimekuwa sifuri. Mwenyeji naye huigeuza ile hodi ya mwanzo, 33 ikawa CC, na kuirudisha. Hapo amekaribishwa.

Sasa swali. Kifaa hutuma 68 6A F1 01 0C D0. Tatu za mwanzo ni kichwa cha ujumbe na anwani, 01 inaomba hali ya sasa ya injini, 0C inataja mzunguko wa injini, na D0 ni jumla ya kuhakikisha kwamba hakuna baiti iliyopotea njiani. Jibu linakuja: 48 6B 10 41 0C 0B B8 D3. Kiini chake ni 0B B8, yaani 3,000. Gawanya kwa nne, upate 750. Injini inazunguka mara 750 kwa dakika bila kukanyagwa, kama inavyotakiwa injini nyingi ndogo zikishapata moto. Hesabu nzima ni kujumlisha na kugawanya.

Magari mapya zaidi hutumia nyaya mbili, pini ya 6 na ya 14, kwa kasi ambayo kwa kawaida ni biti 500,000 kwa sekunde. Marekani iliulazimisha mfumo huo kwa magari yote mapya ya mwaka 2008. Hapo transista moja haitoshi, inahitajika chipu maalumu ya kuzungumza kwenye jozi hiyo. Lakini swali la 01 0C bado ni swali la mzunguko wa injini, na jibu bado linagawanywa kwa nne. Aliyejifunza kwa waya mmoja hajapoteza kitu.

Hoja ya pili ni ya hofu: kifaa cha nyumbani kitaunguza kontrolo boksi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa namba. Rizista ya omu 510 kwenye volti 12 haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 24 hivi, karibu robo ya umeme unaotumiwa na taa ndogo ya dashibodi ya wati 1.2. Huo ndio umeme ambao kifaa hicho kinauweka kwenye laini ya K. Hatari iliyopo kweli ni ya fundi mzembe anayegusisha waya wa pini ya 16 na hasi, na ndiyo maana fyuzi huwekwa pale pale waya unapoanzia. Wakati huo huo, gereji zinazowatisha watu kuhusu transista zinawasha magari kwa kuazima betri huku nyaya zimegeuzwa, zinachomelea bodi kwa welding bila kuchomoa betri, na zinaosha injini kwa maji ya presha huku soketi za sensa ziko wazi. Anayetaka kuilinda kompyuta ya gari aanzie hapo.

Kuna sehemu moja ambayo wapinzani wako sahihi, na haifai kupitwa kimya kimya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliunganisha kompyuta kwenye soketi hiyo hiyo na wakaweza kuzima injini na kulemaza breki za gari lililokuwa likienda. Mifuko ya hewa, breki, ufunguo wa usalama na kuandika upya programu ya injini si mambo ya kujifunzia kwenye gari ambalo kesho litabeba watoto kwenda shule. Mstari unaochorwa hapa ni kati ya kusoma na kuandika. Kuuliza mzunguko, joto la maji na namba za hitilafu ni kusoma, na soketi iliwekwa kwa kazi hiyo. Kubadilisha programu ni jambo jingine, lenye masharti mengine. Anayeyachanganya mawili hayo ili kuyapiga marufuku yote anafanya kama mtu anayemkataza mgonjwa kupima joto kwa sababu upasuaji ni hatari.

Tena, katika suala hilo hilo la usalama, kifaa cha kujitengenezea kina sifa ambayo kile cha dukani hakina. Programu iliyoandikwa na mwenyewe hutuma ujumbe ule tu ulioandikwa ndani yake. Kama haina amri ya kufuta, haitafuta. Kile kidude cha Bluetooth kinachouzwa kwa bei ya mlo, kikiachwa kimechomekwa usiku na mchana kwa namba ya siri 1234, hupokea amri za yeyote aliye karibu mwenye simu.

Hapo ndipo inapoingia hoja ya tatu, ile inayoonekana ya busara kuliko zote: kwa nini mtu ahangaike na risasi ya kuchomelea wakati vidude hivyo vimejaa madukani? Historia yake inajibu. Chipu ya ELM327 ilibuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, iliyoandika maelezo bora kabisa ya namna ya kuzungumza na magari. Toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, na nakala zikamwagika duniani. Nyingi zinajiita toleo la 1.5, toleo ambalo Elm yenyewe haikuwahi kulitoa. Nyingine hujiita 2.1 na bado hazijui amri zilizokuwamo katika matoleo halisi. Kampuni ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Nakala zake bado zinauzwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tatizo linazidi. Sehemu kubwa ya magari ya hapa yametumika kwanza Japani na yalitengenezwa kwa soko la huko. Mengi yana soketi ya pini 16 lakini kompyuta zake, hasa za miaka ya 2000, hazikulazimika kufuata hodi ile iliyoelezwa juu. Kidude cha dukani hupiga hodi zake za kawaida, hakijibiwi, kisha huandika kwamba hakuna mawasiliano. Mteja huambiwa kompyuta imekufa. Mwenye kifaa alichokitengeneza mwenyewe haishii hapo. Hupima kwa mita kama pini ya 7 ina volti, hujaribu hodi ya kasi, hujaribu anwani nyingine, na akikwama huunganisha pini ya 13 na ya 4, njia ambayo Toyota nyingi huijibu kwa kumetameta taa kama Corolla za zamani. Kimya kilikuwa cha kifaa, na kompyuta ikahukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Faida kubwa zaidi iko kwenye kuelewa namba. Chukua P0171, moja ya namba za kawaida sana, inayomaanisha mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Gereji ngapi huiona namba hiyo na papo hapo kumuuzia mteja sensa ya oksijeni? Sensa ndiyo iliyoleta habari, na habari yake yaweza kuwa ya kweli kabisa. Anayejua kuuliza huongeza swali jingine, 01 07, linaloonyesha ni kiasi gani kompyuta imejizoesha kuongeza au kupunguza petroli. Jibu likiwa 9A, ni 154. Toa 128, zidisha kwa 100, gawanya kwa 128: kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 20. Kisha injini inakanyagwa hadi mizunguko 2,500 huku ongezeko la papo kwa papo, swali la 01 06, likitazamwa pamoja. Kama marekebisho yakishuka karibu na sifuri, kuna hewa inayoingia kwa wizi, na mkosaji mara nyingi ni mpira uliopasuka nyuma ya injini, kipuri cha bei ndogo. Kama yakibaki juu au yakipanda, macho yaelekee kwenye pampu ya mafuta, chujio au sensa ya hewa. Namba ya hitilafu ni mwanzo wa uchunguzi, na mwenye mashine anayeigeuza kuwa hukumu anamuuzia mteja kipuri ambacho gari halikuhitaji.

Mnunuzi wa gari lililotumika ana sababu yake ya kusoma mwenyewe. Kufuta namba za hitilafu ni kazi ya sekunde chache, na muuzaji asiye mwaminifu hufanya hivyo asubuhi mteja anapotarajiwa. Lakini kuna swali la 01 31, linaloomba kilomita zilizosafiriwa tangu namba zifutwe mara ya mwisho. Gari linalolijua swali hilo likijibu 00 0C, ni kilomita 12. Injini ni safi kwenye skrini kwa sababu ilisafishwa muda mfupi uliopita. Bila swali hilo, mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeoshwa.

Inabaki hoja ya nne, kwamba usiri wa viwanda unamlinda mwananchi. Mwaka 2015 uliivunja hoja hiyo mara mbili. Mwezi Julai, Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha namna ya kuitawala Jeep Cherokee kutoka mbali kupitia mtandao wa simu uliounganishwa na redio ya gari, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Hapakuwa na waya wa fundi yeyote. Mlango uliachwa wazi kiwandani. Mwezi Septemba, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani likaitangazia dunia kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo na kupunguza moshi kwa muda huo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Fununu za kwanza zilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliobeba vipimo vyao ndani ya gari na kuliendesha barabarani. Namna udanganyifu ulivyofanya kazi ikaelezwa Desemba mwaka huo jijini Hamburg na Felix Domke, mtaalamu aliyeichambua programu ya kompyuta ya injini na kuonyesha kwamba ililinganisha umbali na muda wa safari na mwenendo wa kipimo rasmi. Mfumo uliobuniwa kulinda hewa uligeuzwa kuwa maficho, na waliougundua ni watu waliokataa kuamini skrini ya kiwanda.

Nchi nyingine zimeshachukua hatua. Wapiga kura wa Massachusetts waliipitisha mwaka 2012, kwa zaidi ya asilimia 80, sheria ya haki ya kutengeneza, na mwaka 2014 viwanda vikakubali masharti yake kwa Marekani nzima. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeviagiza viwanda tangu mwaka 2007 kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo. Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 1, 2021 inamruhusu mwenye gari kutumia fundi wa kujitegemea hata gari likiwa bado ndani ya dhamana.

Afrika Mashariki haihitaji kusubiri sheria ili ianze. Kiunganishi cha laini ya K kinaweza kutengenezwa na kujaribiwa na wanafunzi wawili wa ufundi magari ndani ya wiki moja, na kingefaa kuwa zoezi la lazima kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA nchini Tanzania na kwenye kila chuo kinachofundisha umeme wa magari. Mwanafunzi aliyewahi kuihesabu 0B B8 kwa mkono wake hatadanganywa na skrini maisha yake yote. Gereji nazo, pamoja na zile zinazoitwa gereji bubu, zinaweza kuanza kesho asubuhi kwa kubadilisha jambo moja kwenye karatasi ya malipo: badala ya kuandika "kupima kwa mashine", ziandike namba ya hitilafu iliyosomwa, marekebisho ya petroli injini ikiwa imetulia na ikiwa kwenye mizunguko 2,500, na kilomita tangu namba zifutwe. Mteja aondoke na karatasi hiyo, na fundi wa pili atakayeliona gari hilo aanzie pale wa kwanza alipoishia.